Kuendelea na Useremala Wakati Macho Yanapofifia

Nilianza useremala baada ya kustaafu ualimu. Nilikuwa nikitengeneza vigoda, mbuzi za kukunia nazi na rafu za vitabu katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu mjini Tanga, na katika mwaka wa tatu wa shughuli hiyo niliambiwa kwamba nina glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Daktari alinieleza bila kuficha kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi, na kwamba kazi ya matone ya kila siku ni kulinda uliobaki. Hakutaja patasi wala msumeno, nami siku hiyo sikuthubutu kuuliza. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: anayeona vya kutosha kufanya kazi leo, lakini ambaye hana hakika ataona kiasi gani baada ya miaka mitano.

Shauri langu kubwa ni kwamba usingoje macho yakushinde ndipo uanze kujifunza kufanya kazi kwa mikono. Kila kazi ya kupima na kukagua unayoifanya sasa kwa kutazama, ifanye kwanza kwa kupapasa huku umefumba macho, kisha fumbua uone umekosea kiasi gani. Anayeanza mapema hivyo ana mwalimu wa kumsahihisha papo hapo, yaani jicho lake mwenyewe. Anayechelewa atajifunza mambo hayohayo bila mwalimu. Mimi nilianza na jambo dogo la kutambua kwa kidole upande ambao nyuzi za ubao zinaelekea, jambo linalofanana na kumpapasa paka: ukienda na nyuzi ubao unateleza, ukienda kinyume unahisi mkwaruzo mwembamba. Baada ya wiki mbili nilikuwa sikosei kwa mninga, ingawa kwa mbao za msonobari zilizopasuliwa vibaya kiwandani nilikuwa bado nabahatisha.

Jua kwanza ni uoni gani unaopotea

Kufifia kwa macho si ugonjwa mmoja, na banda la kazi hupangwa kwa kufuata aina ya upungufu alionao mtu. Mtoto wa jicho hufanya mwanga utawanyike na rangi zififie, lakini huondolewa kwa upasuaji, kwa hiyo mwenye tatizo hilo aanzie hospitali kabla ya kununua taa mpya. Kuzorota kwa sehemu ya kati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambako huwapata zaidi wazee, humwachia mtu uoni wa pembeni: anaweza kutembea bandani bila kujigonga, lakini haoni mstari wa penseli anaoukazia macho. Glakoma kwa kawaida huanza kinyume chake. Hula pembeni, na mstari wa penseli huendelea kuonekana vizuri kwa miaka, ndiyo maana watu wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Ukigunduliwa nayo, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wakapimwe, kwa sababu wao wako katika hatari kubwa zaidi kuliko watu wengine.

Wengi hudhani kwamba aliyepoteza uoni wa pembeni huona giza upande huo. Sivyo. Ubongo hulijaza pengo kwa kile kilicho jirani nalo, ukaona benchi tupu mahali palipo na chombo. Siku moja nilinyoosha mkono wa kushoto kuchukua penseli, kiganja kikatua juu ya makali ya patasi niliyoiweka hapo mwenyewe dakika chache kabla. Nilishonwa nyuzi nne. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba mahali ninapopaona patupu ni patupu kweli.

Mwenye kisukari ana jambo la ziada la kuangalia, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kuharibu retina na pia kupunguza hisia za miguu na vidole. Kabla ya kutegemea ncha za vidole, na azijaribu: apapase karatasi mbili za msasa, namba 120 na namba 180, bila kutazama, aone kama anazitofautisha. Kama hawezi, njia nyingi nitakazozieleza hapa zitamfaa kwa kutumia ukucha, kwa sababu ukucha hupitisha mtikisiko hadi kwenye fundo la kidole.

Hospitali zenye idara kubwa za macho, kama vile Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, au hospitali ya Kikuyu kwa walioko Kenya, ndizo mahali pa kuuliza huduma za uoni hafifu. Kabla ya kwenda, pima umbali kutoka machoni pako hadi juu ya ubao ukiwa umesimama kwenye benchi katika mkao wako wa kawaida. Miwani ya kusomea kwa kawaida hutengenezwa kwa umbali wa sentimita 35 hadi 40 hivi, na seremala aliyesimama mara nyingi huwa mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo miwani inayosoma gazeti vizuri inaweza kumfanya ainame hadi pua ikaribie msumeno. Mpe mpimaji wa miwani umbali wako kwa tarakimu.

Mwambie pia daktari kwamba unafanya kazi yenye vumbi, hasa ukiwa na pumu. Timolol, mojawapo ya matone yanayotumika sana kwa glakoma, inaweza kubana njia za hewa kwa mtu mwenye pumu, na vumbi la mbao nalo hufanya hivyohivyo; mambo hayo mawili yakikutana bandani, lawama yote huangukia vumbi. Kabla ya kuweka matone osha mikono kwa sabuni. Baada ya kuweka, fumba jicho na ubonyeze kona yake iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isishuke kooni, na ukitumia aina mbili za matone, zitenganishe kwa dakika tano angalau.

Baadhi ya watu waliopoteza uoni mwingi huona vitu visivyokuwepo: nyuso, maua, mapambo ya mraba mraba ukutani. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Charles Bonnet, mwanasayansi wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1760 baada ya kuiona kwa babu yake. Haimaanishi wazimu, na kwetu pwani ni vyema kuongeza kwamba haimaanishi majini, maana nimesikia mzee akizungushwa kwa waganga miezi mingi kwa ajili ya jambo ambalo daktari wa macho angelieleza kwa muda mfupi. Mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo ni mengine: maumivu makali ya jicho yanayoambatana na wekundu na kutapika, vimulimuli vya ghafla, au kitu kama pazia linaloshuka mbele ya jicho.

Mwanga na rangi

Taa moja kali juu ya kichwa haisaidii sana, kwa sababu hukupa kivuli cha mikono yako mwenyewe. Weka taa ya pili yenye shingo ya kupinda, ikae chini kando ya benchi, mwanga wake upite juu ya ubao kwa mlalo. Mkwaruzo, bonde la randa na mstari wa kisu vitatupa kivuli na kuonekana. Usifanye kazi ukiwa umelielekea dirisha. Uso wa benchi usiwe na vanishi inayong'aa, na ukiwa unashughulikia msonobari mweupe, tandika kitambaa cheusi chini yake. Ukiwa na mninga au mkangazi, tandika cheupe. Penseli nyeupe hufaa kwenye mbao nyeusi. Umeme ukikatika, simama papo hapo, weka chombo chini kwa mkono uleule ulioshika, na usiendelee kwa tochi ya simu, kwa kuwa jicho lenye glakoma huchelewa kuzoea mabadiliko ya mwanga.

Miwani ya kinga ivaliwe hata kama jicho moja limekwisha kazi. Louis Braille, ambaye jina lake limebaki kwenye maandishi ya nukta nundu, alijichoma jicho moja kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, mtengeneza matandiko ya farasi, akiwa na umri wa miaka mitatu; maradhi yakahamia jicho la pili naye akawa kipofu kabisa. Kioo cha kinga kilichojaa mikwaruzo kibadilishwe, kwa sababu kinakuondolea uoni ambao huna wa kupoteza.

Kila chombo na pahala pake

Jambo hili linajulikana, kwa hiyo nitalisema kwa ufupi. Patasi zikae ukutani, makali yakielekea chini ndani ya ala ya mbao. Vyombo vya kazi inayoendelea vikae ndani ya sinia lenye ukingo, upande ambao jicho lako ni zima, na kitu chenye makali kisiachwe kamwe juu ya benchi nje ya sinia hilo. Mkono unapotafuta chombo usishuke kutoka juu kama kunguru; uanzie ukingoni mwa benchi, uteleze taratibu juu ya uso wake kwa mgongo wa vidole. Maranda yafagiliwe kila baada ya hatua ya kazi, kwa sababu yanateleza sakafuni, na nyaya zipite kando ya ukuta. Hatari kubwa zaidi, kwa uzoefu wangu, ni watu wa nyumbani wenye nia njema. Mjukuu wangu aliwahi kunipangia banda lote kwa urefu wa vyombo, likapendeza macho ya kila mtu, nami nikapoteza siku mbili kukirudisha kila kitu mahali nilipokizoea. Waeleze mapema, kwa upole, kwamba bandani hakihamishwi hata kibiriti.

Kupima bila kusoma namba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo seremala mwenye macho mazima angepata faida pia. Tepu ya kupimia ni chombo cha macho, na hata ukinunua yenye tarakimu kubwa nyeusi juu ya rangi nyeupe, utafika wakati ambapo milimita mbili zitakuponyoka. Dawa yake ni kupunguza kupima na kuongeza kulinganisha. Kwa kila kitu unachopenda kutengeneza mara kwa mara, tengeneza kijiti chembamba cha mbao ngumu, kisha ukate juu yake pengo dogo kwa kila kipimo kinachohitajika: urefu wa mguu, upana wa kikalio, mahali pa kipandio. Kijiti cha kigoda changu kina mapengo matano, na pengo la urefu wa mguu nimelikata mara mbili sambamba ili kidole kilitambue. Nikitaka mguu, nakilaza kijiti juu ya ubao, natia ncha ya kisu ndani ya pengo, nakwaruza. Hakuna namba iliyosomwa, na miguu minne hutoka sawa.

Pamoja na vijiti, kata vipande vya mbao ngumu vyenye unene kamili wa milimita 5, 10, 20, 50 na 100, ukisaidiwa mara ya kwanza na mtu mwenye macho mazuri na kipimo cha kuaminika. Vikiunganishwa, vitakupa karibu umbali wowote kwa hatua za milimita tano: vya 20, 10 na 5 vikipangwa pamoja ni 35, na ukivibana kati ya ukingo wa ubao na kizuizi cha msumeno huna haja ya kuweka alama yoyote. Vitie mashimo madogo ubavuni ili kuvitofautisha, shimo moja kwa cha 5, mawili kwa cha 10, na kuendelea hivyo.

Penseli istaafu. Mstari wa penseli hauna kina, na kidole hakiwezi kuusoma. Tumia kisu chenye makali upande mmoja tu, upande bapa ukilala kwenye guniya (kipimo cha pembe mraba), na upitishe mara mbili: mara ya kwanza kwa wepesi, ya pili kwa nguvu. Mstari huo ukucha unaunasa, na patasi ikiwekwa karibu nao ikasukumwa polepole huanguka ndani yake kwa mlio mdogo ambao baada ya muda utaujua. Kwa mistari inayofuata ukingo wa ubao, mahati, yaani kipimo cha mbao chenye ncha ya kukwaruzia, ndiyo chombo bora kuliko vyote, kwa sababu ukishaifunga kwa kipimo fulani inatoa kipimo hichohicho hata usiku wa manane.

Nieleze ulimi wa mguu wa kigoda, yaani ncha iliyopunguzwa ili iingie ndani ya tundu, kwa kuwa ndio nilioutumia kujifunza. Ninafungua mahati kwa kuegemeza ncha yake kwenye patasi ya milimita 12 niliyochimbia tundu, ili ulimi na tundu vizaliwe na chombo kimoja. Nakwaruza pande zote mbili za ubao, kisha napitisha ukucha wa kidole gumba kuhakikisha mstari hauna mahali ulipofifia. Nafunga mguu kwenye jiliwa, kibanio cha benchi. Badala ya kufuata mstari kwa msumeno, nachukua kipande cha mkangazi kilichorandwa kikanyooka, ukingo wake nauingiza sawasawa na mstari kwa kuuhisi kwa ukucha, nakibana kwa klampu, halafu nauegemeza ubavu wa msumeno kwenye kipande hicho na kuukandamiza kwa vidole vya mkono wa kushoto ambavyo viko nyuma ya mbao, mbali na meno. Ubavuni mwa msumeno nimebana ufito unaogota juu ya mbao kina kinapotimia. Sauti hubadilika kidogo kabla ya hapo, kutoka mkoromo hadi mluzi, lakini mimi huutegemea ufito. Ulimi wa kwanza niliokata hivyo, nikiwa nimefumba macho, ulilegea kiasi cha kuhitaji vipande viwili vya karatasi. Wa kumi uliingia kwa kugongwa kidogo na kiganja.

Ukaguzi wa unyoofu hufanywa kwa karatasi. Laza rula ya chuma juu ya uso uliorandwa, weka vipande vyembamba vya karatasi ya kawaida chini yake kila baada ya sentimita kumi, kisha vuta kimoja kimoja. Kinachotoka bila kubanwa kinakuambia kwamba hapo pana bonde, na karatasi hiyo ina unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, usahihi ambao macho ya wengi hayaufikii. Ulaini baada ya msasa huonekana kwa kuvuta soksi kuukuu ya nailoni juu ya ubao. Palipo na kibanzi inanasa. Na ncha za vidole zenyewe zitunzwe: gundi kali ikikauka juu yake unakuwa kipofu wa vidole kwa siku nzima.

Kunoa, na mashine

Makali ndiyo usalama wako, kwa sababu patasi butu husukumwa kwa nguvu na chombo kinachosukumwa kwa nguvu huteleza. Tengeneza kabari ya mbao yenye mlalo wa nyuzi 25, uiweke mwanzoni mwa kinoo ili patasi ianze kwenye pembe ileile kila mara. Noa mpaka uhisi, kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali na kamwe si kwa kufuata urefu wake, ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili. Ukiwepo kote, geuza, ulaze bapa na uuondoe. Kulisawazisha jino la randa, chukua kijibanzi chembamba, kipitishe chini ya kona ya kulia kisha ya kushoto, na usikilize ni upande upi unaokata zaidi.

Kuhusu mashine sina maneno mengi. Wapo vipofu kabisa wanaotumia msumeno wa umeme kwa ustadi, lakini walifundishwa hivyo, na mazoea ya mtu anayeona ndiyo yanayomponza anayefifia, kwa kuwa mkono wake unaendelea kuamini jicho. Mimi nilimwachia mpwa wangu msumeno wa duara na grenda kabla havijanidai kidole, na mbao nikaanza kupasuliwa na fundi mwenye karakana mtaani kwetu. Kekee ya umeme nimebaki nayo, kwa sababu hupitia ndani ya kipande cha mbao chenye tundu lililotobolewa wima, na kina chake huzuiwa na kigololi cha mti kilichovalishwa kwenye ncha. Glavu zisivaliwe karibu na kitu chochote kinachozunguka.

Kumalizia

Vanishi inahitaji jicho, kwa kuwa mchirizi na sehemu iliyorukwa hutambulika kwa mng'ao wake ingali mbichi. Mafuta ya kitani hupakwa kwa kitambaa na kusuguliwa kwa kiganja, na mahali palipokosa mafuta panajulikana kwa ukavu wake. Paka, ngoja robo saa, futa yaliyobaki yote, rudia kesho yake. Kitambaa kilichotumika kisikunjwe wala kutupwa kwenye pipa, maana mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na kitambaa kilichofumbatana kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze kwenye kamba nje ya banda mpaka kiwe kigumu. Kisha osha mikono kwa sabuni hadi viwiko, kwa sababu saa ya matone ya jioni huwa imekaribia.